Nilifungiwa Chini ya Boti, na Juu Yangu Akina Mama Wakicheza

Siku niliyokaribia kufa, juu ya kichwa changu watu walikuwa wanaimba nyimbo za furaha.

Sisemi kwa mafumbo. Walikuwa juu yangu kweli, futi tatu tu kutoka usoni, wanakanyaga mbao na kupiga ngoma. Mimi nimelala chali kwenye tumbo la boti, kifuniko kimefungwa, na boti inaondoka.

Naitwa Luyando. Mwaka jana nilihitimu fani ya umeme nikarudi kwetu Siavonga, Zambia, na ndoto moja kubwa: boti zote za wageni hapa Ziwa Kariba ziwake taa zinazokula umeme kidogo, jenereta zipumzike, ziwa nalo lipumue. Ndoto hiyo nilimsimulia kila aliyenitegea sikio, na wengine ambao hawakutega.

Kazi ya kwanza nilipewa na mama mmoja wa Lusaka mwenye boti. Kapteni wake, Ba Siakalima, yaani Mzee Siakalima, hakunitaka kabisa.

Alikuwa ameishi na balbu zake miaka ishirini. Akauchukua mkanda wangu wa taa, akaukunjakunja kiganjani, akamgeukia Mweemba, baharia wake.

"Hii ndiyo digrii? Mbona kama utepe wa keki ya harusi?"

Mweemba alicheka mpaka akakaa chini.

Nikajikaza. Sebule ya wageni niliimaliza vizuri, mkanda umezunguka dari yote. Zikabaki taa za chini, kule kwenye betri na matanki ya maji. Huko unaingilia kwenye kifuniko cha sakafuni, halafu unatambaa.

Asubuhi ile, nilipotaka kushuka, Ba Siakalima akaniambia nivue viatu niviache pale juu.

Nikamjibu kwa heshima kwamba chuoni tulifundishwa fundi umeme havui buti kazini. Moyoni nikasema, mzee huyu anaogopa nitamchafulia sakafu. Hakubishana. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Nikashuka na buti zangu. Nilimwahidi kwamba saa tatu nitakuwa nimemaliza.

Sikumaliza. Joto la Oktoba kwetu si la mchezo, chuma kilikuwa cha moto hadi gundi ya mgongoni mwa mkanda ikakataa kushika. Nabandika huku, kule unachomoka na kuning'inia kama utumbo. Nikafungua kopo la gundi ya mafundi viatu, ile kali, nikaanza upya. Simu nilikuwa nimeiacha sebuleni inachaji.

Saa nne wakafika akina mama wa kanisa, waliokodi boti mpaka jioni. Nikasikia sauti juu ya kifuniko.

"Viatu?"

"Hakuna, Kapteni."

"Funga."

Giza. Kisha kreti za soda zikaburutwa na kupangwa juu yake.

Nikacheka, nikidhani ni utani wa Mweemba. Injini ikanguruma. Kicheko kikakatika.

Nikapiga kelele. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta wa chuma, hatua mbili kutoka kwangu, hata mimi sauti yangu mwenyewe sikuisikia vizuri. Hapo ndipo nikaelewa. Kule chini huwezi kumsikia anayekuita, na wa juu hakusikii. Ndiyo maana wao hawaiti. Wanaangalia viatu. Viatu vipo, mtu yupo. Viatu hakuna, mtu hayupo.

Niliyaelewa hayo nikiwa gizani, buti ziko miguuni.

Halafu harufu. Gundi ilikuwa wazi. Nikapapasa mpaka nikapata kopo, nikalifunga, lakini hewa ilikuwa imeshajaa. Kichwa kikaanza kuwa chepesi. Mpaka jioni? Hata saa sita nisingefika.

Nikagonga mbao za juu yangu kwa mpini wa koleo, mara tatu. Juu, ngoma ikajibu mara tatu. Nikagonga kwa nguvu zaidi, wakacheza kwa nguvu zaidi. Wale akina mama walidhani boti yenyewe imepata roho.

Mara taa zangu zikawaka. Kabla ya kuanza kazi nilizima swichi kuu ya taa, sasa Kapteni alikuwa ameiwasha. Taa za chini na za sebuleni zilikuwa kwenye njia moja ya umeme.

Wazo la kwanza lilikuwa kuchomoa waya na kuurudisha, ili za juu zipepese. Mkono ukaishia njiani. Waya ungetoa cheche, na hewa ile ilikuwa mvuke wa gundi mtupu. Cheche moja, tumekwisha wote, mimi na kwaya.

Mfukoni nilikuwa na rimoti ya taa hizo. Nikabonyeza kitufe chekundu. Zima. Washa. Zima.

Juu wakapiga vigelegele. Nikamsikia mmoja akishukuru kwamba hata disko wamewekewa.

Nikalia. Lakini kidole sikukiondoa. Nilimfikiria mama yangu, ambaye muda ule alikuwa anaanika kapenta, dagaa wa ziwa letu, akijua niko kazini, na nikaendelea kubonyeza hata nilipokuwa sihisi tena kidole chenyewe.

Kreti zikasogea.

Kifuniko kikafunguka, nikaona jua, kisha uso wa Ba Siakalima. Mkononi ameshika koleo. Likamponyoka.

"Luyando. Mwanangu. Viatu vyako viko wapi?"

"Miguuni, Ba Siakalima."

Walinivuta, akina mama wakanimwagia maji, ngoma ikanyamaza. Mzee alikaa sakafuni karibu yangu. Akanisimulia kuhusu mwenzake aliyefungiwa chini hivyo hivyo zamani, safari nzima, na kwamba desturi ya viatu ilianzia siku walipomtoa. Hakuwahi kumweleza mtu, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

"Wewe ulinijibu kwa chuo chako," akasema, "mimi nikanyamaza kwa kiburi changu."

Nikamshukuru kwa kuielewa ishara yangu.

Akainamisha kichwa.

"Ishara gani, mwanangu? Niliona taa zinawaka na kuzima, nikasema si nilijua, kazi ya huyu mtoto imeharibika. Nilikuja kuzikata."

Kwa hiyo niko hai kwa sababu kuna mtu hakuiamini kazi yangu.

Naandika haya kwa ajili yenu mliotoka chuo na moyo mweupe kama wangu, mkitaka kurekebisha kila mnachokikuta. Rekebisheni. Ila ukikuta watu wana sheria inayoonekana ya kishamba, kabla ya kuivunja waulize ilianzaje.

Mimi swali hilo lingenichukua nusu dakika.