Kompyuta ya Rangi na Historia ya Mzee Kibwana

Jamani, hili mmeshalisimulia vya kutosha, na kila mkilisimulia mnaongeza chumvi, basi bora niseme mwenyewe: ndiyo, ni mie niliyemuaibisha Mzee Kibwana mbele ya mkewe, na sikutumwa na mtu.

Miaka ile ya ruksa, watu binafsi waliporuhusiwa kufungua zahanati, daktari wetu alistaafu serikalini akapanga vyumba vitatu vya mbele kwenye nyumba ya Mzee Kibwana, Manzese, akaniweka mie mapokezi. (Wagonjwa waliniita nesi nami sikuwasahihisha, ingawa sindano sijawahi kuchoma hata chungwa.) Kazi yangu ilikuwa kadi. Na kadi zina mambo yake: mtu akiumwa malaria anatoa jina lake, akiumwa yale maradhi ya aibu anatoa la mwenziwe. Mie nilikuwa nawajua kwa sura, kwa hiyo naandika jina alilotoa, halafu pembeni kwa penseli naweka ukweli, ili Daktari asije akachanganya watu.

Ikafika siku Daktari akaamua kununua kompyuta. "Utakayekaa nayo ni wewe," akaniambia, "programu chagua wewe."

Wakaja vijana wawili kutoka mjini, kila mmoja na siku yake. Wa kwanza, tai imemkaba, programu yake skrini nyeusi na maandishi ya kijani, inachosha macho, ila akanionyesha sehemu ya chini: "Hapa, dada, unaandika maelezo yoyote ya ziada kuhusu mgonjwa." Nikajisemea, maelezo ya ziada ya nini, mie mmbea? Wa pili akaja na rangi! Bluu, njano, nyekundu, ukiiwasha inapiga kamuziki, halafu inaandika HABARI ZA ASUBUHI na jina langu. Pale zahanati hakuna aliyewahi kunisalimia kabla sijamsalimia mie. Nikachagua hiyo.

Nikahamisha kadi zote kwa wiki sita. Maneno ya penseli hayakuwa na pa kukaa, nikayaacha, na mashine ikikuta jina lilelile inaunganisha yote kuwa ya mtu mmoja, nami nikaona imenipunguzia kazi.

Siku ya kuizindua Daktari akaalika majirani, na Mzee Kibwana mwenyewe, maana mkataba wa pango ulikuwa unakwisha mwezi ule na Mzee alikuwa hajasema kama atatuongezea. Soda aligawa Hamza, mkwe wa Mzee, kijana mchangamfu. Daktari alitaka nionyeshe tu namna ya kuandikisha mgonjwa mpya, basi. Mie na kiherehere changu nikamgeukia Mzee.

"Shikamoo, Mzee. Nikutolee historia yako?"

"Marahaba. Toa tu, mwanangu, mie sina la kuficha."

Printa ikakwaruza wee, karatasi ikatoka ndefu, na aliyeidaka ni Bi Tatu, mkewe, ambaye alijifunza kusoma ukubwani na tangu hapo hapiti maandishi bila kuyasoma kwa sauti, hata ya mfuko wa saruji.

"Ma-la-ri-a," akasoma, watu wakapiga makofi. "Pre-sha." Makofi. "Ki-so-no-no." Makofi mawili matatu yakaanza, yakakatika. "Ki-so-no-no. Ki-so-no-no. Baba Zaituni! Mara tatu?"

Bi Tatu akaanza kujifunga kanga kiunoni, na anayemjua anajua kanga ikifika kiunoni hakuna tena mazungumzo.

"Miaka thelathini na mbili! Leo narudi kwetu Kawe, ubaki na hiyo zahanati yako!"

"Umefanya nini?" Daktari akaninong'oneza, na nilitamani ardhi ipasuke. Ndipo nikakumbuka kadi! Zilikuwa kwenye boksi chini ya kitanda cha wagonjwa, nikapiga magoti mbele ya wageni na gauni langu jeupe, nikachakura mpaka nikaipata, nikarudi mbio. "Mama, si yeye! Wallahi si yeye! Tazama hapo pa penseli!" Nikamkabidhi. (Ndiyo, nilimkabidhi Bi Tatu.)

"Si... mwe-nye-we," akasoma, chumba kizima kikashusha pumzi, Mzee akafuta jasho, nami nikaanza kutabasamu. Tatizo langu nilikuwa mtu wa kuandika ukweli wote. "Ni... m-kwe-we... Ha-mza. Ka-ni-om-ba... ni-si-se-me."

Trei ya soda ikaanguka. Zaituni, binti wa Mzee na mke wa Hamza, akaweka chupa yake chini taratibu, akavua kiatu. Hamza alitokea mlango wa nyuma, kiatu kikimfuata.

Mkataba Mzee alituongezea, ila tangu siku ile akiumwa anakwenda kutibiwa Temeke. Zaituni alikaa kwa wazazi wake mwezi mzima. Mnaponicheka sijali, nacheka nanyi; kinachonichoma ni kwamba Hamza aliniomba, nami nilimkubalia. Tangu hapo sichagui kitu kwa sababu kimenisalimia vizuri, na penseli nimeitupa.

Baada ya miezi miwili Hamza alikuja, anatetemeka homa. Nikashika kalamu, macho chini.

"Jina?" nikauliza kwa sauti ndogo.

Akanitazama weee. "Andika la kwako."

Nikaandika.