Kwa nini Nyaboke hutabasamia mlango

Kuna jambo nimelificha tangu miaka ya tisini, na mgonjwa kama mimi hana tena sababu ya kulificha.

Leo mwenye hoteli moja ya Ikonge amekuja kwangu na mpishi wake, Nyaboke. Ana usonji. Nilimfundisha kupika kwa kanda ya video alipokuwa msichana, yeye na watoto wenzake shuleni.

"Mwalimu, mwambie aache! Kila akigeuza chapati anaangalia mlangoni, anatabasamu. Na hakuna mtu! Wateja wanasema anaona pepo. Asipoacha, nitamfuta kazi."

Nyaboke akajibu, macho kwenye ukuta: "Ndivyo inavyopikwa."

Chekeni tu. Lakini ni kweli.

Kwenye kanda, mke wangu anageuza chapati, mimi naingia, ananitabasamia. Nikamweleza hivyo yule bwana.

"Kumbe! Basi atabasamu tu, Mwalimu."

Wakaenda. Nimebaki nimechoka, na hili sikumwambia.

Walimu wenzangu waliniomba nikikate kipande hicho cha tabasamu, watoto wasikiige. Nilisema mashine ya kukatia kanda imeharibika. Haikuwa imeharibika. Mke wangu alikuwa ameshafariki, na wale watoto walishajua chapati kitambo. Kila Ijumaa niliwawekea kanda ile ili nimwone akinitabasamia.