Mmea wa Bustani ya Marehemu

Bernadina, mkulima wa Mazingara, alimzika mumewe wakati wa kiangazi. Mvua ziliponyesha, mmea asioujua ukaota katika bustani ya mboga aliyoiacha marehemu. Akaupalilia, akiamini ndiyo mbegu ya mwisho aliyoipanda mumewe. Ulipotoa maua meupe marefu, alimwita jirani yake, Zamda, autazame.

Zamda alinusa jani, akapasua tunda lenye miiba.

"Mama Godlisten, huu ni mnanaha. Ni sumu. Haupandwi, huja na samadi."

"Kwa hiyo si yeye aliyeupanda?"

"Siye, dada yangu. Pole."

Wajukuu wa Bernadina walikuwa wakicheza karibu. Akaung'oa mwenyewe, kisha akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi. Zamda akamshika mkono.