Jemadari wa Kisenyi na Vita vya Mbale

Kama hujamsikia Zuhair bin Tajudin akieleza mambo ya dunia, basi hujanywa chai Kisenyi ya Kampala. Duka lake la beringi na sili za injini limebanwa katikati ya gereji mbili, na mbele yake pana kibanda cha Abalo, mama wa kaskazini anayepika chai ya maziwa yenye tangawizi kali ya kumwamsha aliyezimia. Kila asubuhi Zuhair huliacha duka lijilinde lenyewe, akakaa kwenye benchi la Abalo, akaanza kuichambua dunia. Sisi Waswahili wa Kisenyi ndivyo tulivyo. Babu zetu walikuja Buganda na biashara na maneno. Biashara imechukuliwa na wengine, maneno tumebaki nayo yote. Na Zuhair alikuwa na fungu lake na la jirani zake.

Wiki ile gumzo lilikuwa moja tu. Rais wa nchi moja kubwa, ya mbali huko, alikuwa ametokea kwenye televisheni akatangaza kwamba anaongeza askari elfu kumi na tano katika vita ambavyo watu wake wenyewe hawavitaki hata kuvisikia. Wiki hiyohiyo, siku ya Jumamosi, Taqwa, binti pekee wa Zuhair, alikuwa anaolewa mjini Mbale, na Zuhair alikuwa amekula yamini kwamba hatakanyaga huko. Kila mtu pale kwenye benchi alilijua jambo hili, na kila mtu alikuwa na adabu ya kutolitaja.

"Mzee Zuhair," alianza Kasereka siku ya Ijumaa. Kasereka ni fundi cherehani, Mkongo wa Butembo, mtu mpole ambaye hupenda kuelewa mambo mpaka mwisho. "Ule mukubwa anaongeza tena basoda. Batu yake banakataa, bamama banalia. Sasa juu ya nini?"

Zuhair akakohoa kidogo, akaiweka kofia yake sawa. Alikuwa akilisubiri swali hilo tangu alfajiri.

"Kasereka ndugu yangu, wengine watakuambia ni mafuta. Wengine watakuambia silaha, wengine uchaguzi. Sikatai, yote yamo. Lakini mimi nakupa la ndani. Yule bwana hapigani na adui tena. Anapigana na siku ile aliyosimama mbele ya watu akasema miezi mitatu inatosha. Kila akitaka kurudi nyuma, anaiona siku ile imemkodolea macho."

"Na bale bamekwisha kufa?"

"Hao ndio kabisa! Akiacha leo, atawaambia nini mama zao? Kwamba walikwenda bure? Basi anapeleka wengine, ili wale wa kwanza wasiwe wamekufa bure. Hao nao wakifa, itabidi apeleke wengine tena. Waliomzunguka wanasema ndiyo mzee, ndiyo mzee. Na vita vyenyewe viko mbali, harufu yake haimfikii akiwa mezani. Mtu wa namna hiyo, ndugu yangu, yuko radhi afe na tai shingoni."

Benchi zima likatikisa vichwa. Hata fundi wa gereji aliyekuwa chini ya gari alitoa kichwa nje kusikiliza. Zuhair akanywa chai yake, akajiona kweli ni mtu mwenye akili nyingi zisizotumika.

"Kwetu sisi vita ilitukalisha kambi miaka kumi," Abalo akasema, bila kuinua macho kwenye sufuria. "Kila mwaka wanatuambia imebaki kidogo." Akamwongezea chai. "Kale, haya Mzee. Na wewe Mbale unaenda lini?"

"Hayo," Zuhair akasema, "ni mambo tofauti kabisa."

Lo! Tofauti! Ngoja nikueleze tofauti yenyewe, uone kama utaipata.

Vita vya Mbale vilikuwa na umri wa miaka saba. Vilianza kwenye hitma ya mama yao, nyumbani kwa Salme, dada mkubwa wa Zuhair, aliyeolewa huko Mbale miaka mingi. Baada ya dua Zuhair alisimama kusema maneno mawili. Maneno mawili yakapata watoto na wajukuu. Alikuwa amefika kwenye safari ya babu kutoka Bagamoyo, na bado babu hajavuka hata Tabora, Salme akapaza sauti kutoka upande wa wanawake: "Zuhair! Watu wana njaa!" Watu wakacheka. Wakwe wakacheka, maustadhi wakacheka, hata mpishi aliyekuwa nje akacheka. Zuhair akakaa chini, na kuanzia hapo vita vikatangazwa.

Alisema atamnunia Salme mpaka Idi, halafu yataisha. Mbele ya nani alisema? Mbele ya benchi hilihili. Idi ikaja, Salme hakuomba radhi, kwa sababu Salme hakuwa na habari kwamba kuna vita. Ikabidi jemadari aongeze nguvu. Akajitoa kwenye kundi la familia la WhatsApp, akaanzisha lake akaliita Familia Halisi. Lilikuwa na watu wanne, na watatu kati yao hawakutoka kule kwingine. Mwaka wa tatu mtoto wa Salme akaoa, Zuhair akapiga marufuku nyumba yake yote kwenda. Yeye mwenyewe alimpenda sana kijana yule. Yeye ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Siku ya harusi alikaa dukani akipanga beringi kwa ukubwa, halafu akazipanga upya kwa udogo.

Hapo ndipo pabaya palipo. Kabla ya harusi ile angeweza kusamehe kwa kicheko kimoja tu. Baada ya kuikosa, asingeweza tena. Akisamehe, basi aliikosa bure! Akakaza kamba. Akakosa akika, akakosa mazishi ya shemeji yake, mume wa Salme, na hilo la mwisho lilimkosesha usingizi miezi. Kila alichokosa kikawa sababu ya kukosa kingine. Jeshi lake lilimwambia ndiyo baba, ndiyo kaka, halafu likapita mlango wa nyuma. Mkewe Ruqayya alizungumza na Salme kila Jumapili akisema anazungumza na fundi bomba. Taqwa alipopata kazi ya ukunga Mbale, alikwenda kuishi kwa nani? Kwa shangazi yake. Zuhair akaapa hatamtembelea katika nyumba ile, na miaka miwili ikapita akimwona bintiye siku za sikukuu tu.

Sasa binti anaolewa na mwalimu mmoja Mkenya, Abdul-Karim, kijana wa watu, na harusi inatoka nyumbani kwa Salme. Zuhair akatoa masharti: harusi ihamie Kisenyi, au Salme aje aombe radhi mbele ya watu walewale waliocheka, wakiwamo waliokwisha kufa. Taqwa akampigia simu akamwambia taratibu, "Baba, mimi nakutaka wewe tu. Njoo." Zuhair akasema, "Masharti yangu unayo." Jumatano Ruqayya akafunga begi. "Baba Taqwa, mimi nakwenda kumwoza mwanangu. Wewe baki na vita vyako, kuku nimekuachia kwenye friji."

Kwa hiyo swali la Abalo lilitua pale palipo na kidonda. Na Zuhair, badala ya kunyamaza kama mtu mzima, akatafuta silaha kubwa kuliko zote. Akaitoa simu, na mbele ya Abalo, Kasereka na yule fundi wa chini ya gari akamrekodia ujumbe wa sauti mdogo wake, Rafiq, aliyekuwa tayari Mbale.

"Rafiq! Kwa kuwa mmeamua kwenda bila mimi, basi ozesha wewe! Simama mahali pangu, umwoze Taqwa wewe, mimi nimekuachia! Tuone!"

Akautuma. Akakunja mikono. Katika hesabu zake, baba ndiye walii, na bila walii hakuna ndoa. Watasikia hasira ile watetemeke, na kabla ya magharibi watakuwa wamefika Kisenyi kumpigia magoti. Zuhair amesoma madrasa miaka tisa. Alisoma mpaka mlango wa nikahi. Kwa nini kichwa chake hakikumwambia alichokifanya, hilo hata yeye hawezi kukueleza leo, ila anasema hasira humfanya mtu aliyesoma awe sawa na kuku wa kwenye friji.

Alasiri ikapita. Magharibi ikapita. Hakuna aliyekuja.

Jumamosi saa nne asubuhi simu ikalia. Zuhair alikuwa kwenye benchi, amevaa kanzu mpya iliyonyooshwa. Alimwambia Abalo ameivaa kwa sababu zile nyingine zote zimelowa.

"Kaka," Rafiq akasema, na nyuma yake zikasikika kaswida na watoto. "Sheikh amesikiliza sauti yako mara tatu. Anasema wakala umetimia. Umenifanya wakili wako kwa ulimi wako mwenyewe na jina la binti umelitaja."

"Wakala gani? Mimi nilikuwa nimekasirika!"

"Nimemwambia. Anasema kukasirika siyo wazimu." Rafiq akashusha sauti. "Kaka, akdi bado. Ukitaka kuutengua unaweza, lakini sema sasa hivi. Simu nimeiweka wazi. Taqwa yuko mlangoni, anakusikia."

Zuhair akasimama. Abalo akaacha kukoroga. Kasereka akainamisha kichwa, kama mtu aliyeingia chumbani kwa watu kwa bahati mbaya.

Yalikuwepo maneno matatu. La kwanza ni "natengua," na harusi ingevunjika, na yeye angekuwa ameshinda kabisa, ushindi wa kutosha kumfukuza binti maishani. La pili ni "ningojeni." Ningojeni tu! Basi la Mbale liko pale chini, mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye benchi. Wangemngoja mpaka kesho. Neno lilikuja likafika kwenye meno. Akawatazama watu wa benchi, wale waliomsikia jana, na juzi, na miaka saba, na neno likarudi lilikotoka. Baba mzima, mwenye ndevu nyeupe, aliona haya mbele ya muuza chai na fundi cherehani ambao wote wawili walikuwa wanamwombea alitamke.

"Endeleeni," akasema. Hilo ndilo lilikuwa la tatu.

Akasikia yote kwenye simu. Akamsikia Rafiq, mdogo wake ambaye yeye ndiye alimfundisha kufunga vifungo vya shati, akisema, "Nimekuoza Taqwa binti Zuhair, kwa wakala wa baba yake." Akamsikia kijana akijibu, "Nimekubali kumwoa." Vigelegele vikapasuka, simu ikakatika.

"Banange, jamani," Abalo akasema. "Mzee, bado umesimama hapo?"

Alikimbia. Mtu wa miaka sitini na moja alikimbia na kanzu kwenye matope ya Kisenyi, kofia mkononi, duka wazi, na mafundi wakidhani kaibiwa wakaanza kumkimbiza mwizi asiyekuwepo. Ndani ya basi alitunga hotuba ya kuomba radhi. Kufika Lugazi ilikuwa na sehemu tatu. Kufika Iganga ilikuwa na utangulizi. Akajishika kichwa akasema kwa sauti, "Hata leo, Zuhair? Hata leo?" na abiria wa pembeni akasogea kidogo. Njia ilikuwa na ujenzi, kisha lori lililoanguka, kisha basi likasimama watu wanunue kuku wa mishikaki. Alimpigia Taqwa mara tisa, simu ikaita bure. Siku ya harusi bibi harusi hashiki simu. Wengine hakuwapigia. Angewaambia nini? Kwamba yuko njiani? Alitaka afike kwanza.

Alifika saa kumi na nusu. Turubai lilikuwa linashushwa. Wanawake walikuwa wanasugua masufuria kwa majivu, na Ruqayya alikuwa miongoni mwao, akamtazama, akaendelea kusugua. Salme akatoka ukumbini akichechemea. Amezeeka, masikini! Miaka saba Zuhair alikuwa akipigana na mwanamke wa makamo mwenye kicheko kikubwa, na kumbe huku mbali alikuwa amekwisha kuwa bibi kizee, na hakuna aliyemwambia.

"Shikamoo dada," akasema. Utangulizi wote ulikuwa umemtoka.

"Marahaba. Wameondoka, Zuhair. Si nusu saa."

"Wamekwenda?"

"Walitaka wavuke mpaka kabla ya magharibi. Taqwa alikaa ndani ya gari mlango wazi, mguu mmoja uko chini, tangu adhuhuri. Tukimwambia afunge anasema baba yuko njiani. Tukamwuliza, nani alikuambia? Hakuna, anasema, nampigia hesabu tu. Simu yake alikuwa nayo Ruqayya ndani ya begi, hatukuisikia kwa ngoma." Salme akasogeza kreti mbili za soda. "Alasiri ilipoadhiniwa akautia mguu ndani mwenyewe."

Zuhair akakaa juu ya kreti moja. Akauliza jambo moja tu, kwa sababu ndilo alilokuwa akiliogopa tangu Kampala. "Amekasirika sana?"

Salme akakaa kreti ya pili, pembeni yake.

"Afadhali angekasirika," akasema. "Nilimwuliza hivyohivyo. Akacheka kidogo akasema, shangazi, mwambie baba asihangaike. Mimi nimeshamzoea."

Zuhair akalia pale, mbele ya wapishi, mbele ya vijana wa turubai, mbele ya Ruqayya na sufuria lake. Salme akamwachia alie.