Kipimo cha Kassiani

Kassiani, jirani yangu hapa Ugalla, hana ajabu yoyote. Ni mfuga nyuki, mfupi, akicheka anakohoa. Lakini akiingia porini na gobore lake na kibali chake, harudi mikono mitupu. Mke wangu Dorotea humsifu mbele yangu, tena nikiwa nakula.

Baruti yake huipima kwa kipande cha pembe ya swala alichoachiwa na baba yake. Kadogo, hakazidi kidole gumba! Mimi niliamini anatuzuga, kwamba akifika porini huongeza kwa siri. Kwa hiyo juzi, nilipomwona ngiri ng'ambo ya mbuga, nilishindilia gobore langu baruti mara tatu ya kile kipimo. Gobore likanipiga bega nikaanguka chali ndani ya moshi. Ngiri akajiondokea, mkia juu.

Jioni Kassiani akaja kunipa pole, na paja la nyama mkononi. Akalitazama bega lililovimba.

"Umezidisha baruti, kaka. Ukizidisha, bunduki inakupiga wewe na risasi inapotea. Mimi siongezi. Natambaa mpaka nimsikie mnyama anatafuna."

Kisha akaniachia ile pembe iwe yangu. "Mkono wangu umeshakijua kipimo," akasema.

Dorotea aliipika ile nyama kwa moyo wake wote. Ilikuwa laini kweli, na mimi nilimchukia Kassiani mpaka nilipomaliza kunyonya uboho.