Muziki wa Kujibiwa

Kwa miaka mingi baba yangu hakuwahi kusema neno, zuri wala baya, juu ya selo yangu. Yeye ni mpiga shiriri, fidla ya kwetu ya uzi mmoja, na watu wa upande wa Butere wamecheza arusi nyingi kwa mkono wake. Mimi nilichukua fidla kubwa ya Wazungu, ile unayoikumbatia kwa magoti, nikaifanya kazi. Ninaifundisha hapa Kakamega. Nilitamani aseme chochote, hata anitukane.

Mwaka jana wenzangu watatu nami tulipiga muziki wa Wajerumani wa kale katika ukumbi wa kanisa. Ni muziki uliotungwa kwa ajili ya sebule za watu: fidla mbili juu zikifukuzana, kinanda kikijaza katikati, na selo chini ikizungusha sauti zile zile chache tangu mwanzo hadi mwisho. Baba alikuja na koti lake la Jumapili, akakaa safu ya pili pamoja na majirani zake.

Kabla hatujaanza nilisimama, nikawaomba watu kwa madaha ya kimwalimu wanyamaze kabisa mpaka tumalize. Walinitii kupita kiasi. Hakuna hata aliyekohoa. Sasa, kwetu mpiga muziki hanyamaziwi. Anajibiwa, kwa kigelegele, kwa mabega, kwa mtu kudakia wimbo. Akinyamaziwa, ajue ameambiwa aende kwao. Nimeyajua hayo tangu utotoni, lakini yaliniingia pale pale katikati ya kile kimya nilichokiomba mwenyewe. Nilimtazama baba; uso wake ulikuwa mkavu. Nikapiga hadi mwisho bila kumtazama tena.

Kesho yake nilikwenda kwake na selo mgongoni, nimenuna. Nilimkuta uani akichambua maharagwe.

"Mama," akasema, maana mimi nilirithi jina la mama yake, "jana ulitufunga mdomo. Mtu anapiganga vizuri hivyo, na mimi nimeketi tu kama mgonjwa."

Nilicheka huku machozi yakinilenga. Akaniuliza, "Hao wazee Wajerumani, kwao nani aliwajibu?"

Nikamweleza kwamba waliowajibu ni watunzi waliokuja nyuma yao. Vijana waliuchukua ule mzunguko wa chini wakaujengea juu, na waliowafuata wakaongeza tena, mpaka muziki wa watu wanne ukawa wa watu mia. Hata katika nyimbo zetu za kanisani, besi bado inatembea kwa mwendo ule.

"Kumbe walichelewa tu," akasema. Akaingia ndani, akatoka na shiriri. "Piga ile ya kuzunguka."

Nikapiga. Mzunguko wa kwanza alisikiliza, wa pili akadakia, shiriri ikilia kwa pua juu ya Wajerumani wangu. Kwa furaha nikajikuta naongeza mwendo. Akasimamisha upinde, akaniambia niache mbio, yeye bado hajamaliza kunijibu.