Mshahara wa Mdogo Wangu

Shemeji yangu, mume wa dada yetu mkubwa, akiingia soko la vitambaa la Zhongda hanunui hata mita moja kabla hajazunguka maduka yote ya jirani. "Tai gui!" anafoka, ghali mno, anageuza mgongo, na wauzaji wanamkimbilia mlangoni. Mtu huyohuyo ndiye aliyemtafutia mdogo wangu kazi, na alipotutajia mshahara alitaka tuseme alhamdulillahi, basi.

Mdogo wangu alikuwa amemaliza uhandisi hapahapa Guangzhou. Laoban mmoja, bosi ambaye shemeji amenunua kwake mzigo miaka mingi, alitaka kumpeleka tawi lake la Marekani. Saini ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Nikauliza wenzake kule wanalipwa ngapi.

"Shem," alisema shemeji, "mtu kakushika mkono, wewe unamchungulia mfukoni? Unataka kunitia aibu?"

Kuuliza si ujinga. Marekani, mwajiri akitaka kumwombea mgeni viza ya kazi, lazima aeleze kazi, mji na mshahara, na serikali inaziacha kumbukumbu hizo wazi kwa yeyote. Nilikaa kwenye mgahawa pale mtaa wa Xiaobei, nikaandika jina la kampuni kwenye simu. Ikatokea. Kazi ileile, mji uleule, ngazi ileile ya anayeanza, na mshahara karibu mara mbili ya ule wa mdogo wangu. Mara mbili! Nilimtukana yule laoban peke yangu mpaka mhudumu akaniuliza kama chakula kina kasoro.

Ijumaa nilikwenda ofisini kwa laoban bila kualikwa. Shemeji na mdogo wangu walikuwa wameshakaa; shemeji aliponiona alikunja uso. Nikaiweka simu mezani, mbele ya laoban. Akasoma, wala hakushtuka.

"Nilimuuliza shemeji yako kijana anataka ngapi," alisema kwa Kichina cha taratibu ili sote tumwelewe. "Akataja hiki. Mimi ni mfanyabiashara, ningekataaje?"

Akakata ile tarakimu kwenye mkataba, akaandika iliyokuwa kwenye simu yangu, akausukuma upande wetu. Hakubishana hata kidogo. Kumbe ilihitaji kuulizwa tu! Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kwelikweli. Shemeji alitaja bei ya chini mwenyewe, kwa kuogopa kukataliwa, kwa kutaka aonekane mtu mwema kwa laoban anayemuuzia mzigo.

"Kingekuwa kitenge ungeuliza!" nilimwambia. "Kwa kitenge unagombana na soko zima. Kwa mtoto wetu umeufyata!"

Alikuwa akitazama viatu vyake, na mimi sikumhurumia.

Mdogo wangu akatia saini kwenye mshahara mpya. Kisha akainuka, akamwendea shemeji, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, shem," alimwambia. "Na dada yangu huyu naye msamehe. Hasira zake unazijua."